MZAZI ALIYE MBALI ASIWE MGENI KWA MTOTO WAKE

Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Wazazi wengi wanaofanya kazi mbali na nyumbani huukumbuka msemo huu kwa uchungu. Mtoto anaota jino la kwanza, anaugua, anafaulu mtihani, na mzazi hayupo. Baba yuko machimboni Mererani au Geita. Mama yuko Muscat akilea watoto wa watu wengine. Dereva wa lori yuko njiani kwenda Lubumbashi. Mvuvi yuko kambini katika visiwa vya Ziwa Viktoria, na mwalimu amehamishiwa mkoa mwingine.

Jambo hili si geni kwetu. Wakati wa ukoloni, wanaume wa Kigoma, Songea na Iringa walikwenda Tanga kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, na wengine walifika hata migodi ya Afrika Kusini. Barua ilichukua majuma, na wapo waliorudi wakakuta watoto wao hawawajui. Siku hizi simu imefupisha njia. Hata hivyo simu hailei mtoto yenyewe. Ipo familia inayopokea fedha kila mwezi bila kukosa, na bado mtoto akiulizwa baba yako ni nani, anamtaja mjomba.

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unatazama jambo hili: mzazi aliye mbali afanye nini ili mtoto akue akiwa na afya ya mwili na ya moyo, na akimjua mzazi wake? Tunaliweka katika ukurasa wa afya kwa sababu upweke wa mtoto huonekana katika mwili wake: katika kula, katika usingizi na katika kukua.

MTOTO HUUMIA VIPI ANAPOTENGANA NA MZAZI

Katika miaka ya 1940 na 1950, hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao waliolazwa mara chache tu. Iliaminika kwamba mtoto akimwona mama atalia, na asipomwona atatulia. Mtaalamu mmoja, James Robertson, aliyefanya kazi pamoja na daktari John Bowlby, alikaa akiwatazama watoto hao kwa makini. Aliona hatua tatu. Kwanza mtoto hupinga: analia, anaita, anatazama mlango. Kisha hukata tamaa: ananyamaza, hali vizuri, hachezi. Mwisho hujitenga: anacheza tena na kumchekea kila mtu, lakini mama akija anamgeuzia kisogo kama hamjui.

Wauguzi waliiona hatua ya tatu wakasema mtoto amezoea. Robertson alisema hapana, mtoto ameufunga moyo wake ili asiumie tena. Mwaka 1952 aliwaonyesha watu filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali. Mwaka 1959 ripoti ya serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao hospitalini bila kuwekewa mipaka ya saa.

Somo hili linatuhusu sisi. Mara nyingi tunasema, "Mtoto wangu hana shida, hata hanililii." Mtoto mdogo asiyemlilia mzazi aliyeondoka huenda amezoea kweli, na huenda amekata tamaa. Hatuna budi kutazama zaidi ya machozi.

Lakini yapo pia matumaini. Baadaye Robertson na mkewe Joyce waliwapokea nyumbani kwao watoto wadogo ambao mama zao walikuwa wamelazwa hospitali. Waliwapa mlezi mmoja asiyebadilika, waliwaachia vitu vyao vya nyumbani, na walizungumza nao juu ya mama zao badala ya kukwepa jina hilo. Watoto hao hawakuvunjika moyo kama wale wa hospitali. Hapo tunapata mambo mawili ya msingi: mtoto awe na mlezi mmoja wa kudumu anayempenda, na kumbukumbu ya mzazi iwekwe hai ndani ya nyumba.

DALILI ZA KUANGALIA

Mlezi na mzazi wasaidiane kuangalia dalili hizi:

1. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena, au anarudia kunyonya kidole.
2. Hali vizuri, au uzito wake katika kadi ya kliniki hauongezeki.
3. Hapati usingizi, anaota ndoto za kutisha, anang'ang'ania nguo ya mlezi kila akitoka.
4. Analalamika tumbo au kichwa mara kwa mara, na zahanati haioni ugonjwa.
5. Anashuka ghafla masomoni, anatoroka shule, anapigana ovyo.
6. Ananyamaza na kukaa peke yake kwa muda mrefu.

Dalili moja kwa siku chache baada ya mzazi kuondoka ni jambo la kawaida. Zikiwa nyingi na zikiendelea kwa majuma, mtoto apelekwe kwa mganga wa zahanati au kituo cha afya. Asichapwe kwa kukojoa kitandani. Fimbo huongeza hofu, na hofu huongeza kukojoa.

KABLA YA KUONDOKA

Kwanza, fikirini wakati. Mtoto mchanga anahitaji maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, na inafaa aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi. Tangu miezi 8 hivi hadi mwaka mmoja na nusu mtoto humshika sana mlezi wake na kuwaogopa wageni. Kama safari inaweza kusubiri, isubiri. Kama haiwezi, mlezi mpya aanze kukaa na mtoto majuma kadhaa mapema, mama angali yupo.

Pili, usiondoke kwa siri. Wengine huondoka alfajiri mtoto akiwa amelala ili kukwepa kilio. Mtoto akiamka hujifunza kwamba watu anaowapenda hupotea akifumba macho, na tangu siku hiyo anaogopa kulala. Muage. Alie, umbembeleze, umwambie unakwenda wapi, kufanya nini, na nani atakaa naye.

Tatu, mweleze sababu. Watoto wadogo hudhani kila jambo limetokea kwa ajili yao. Mtoto wa miaka minne anaweza kuamini kwamba baba ameondoka kwa sababu yeye alivunja bakuli. Mwambie waziwazi: "Sikuondoka kwa kosa lako. Nakwenda kutafuta kazi." Rudia maneno hayo hata baada ya miezi.

Nne, usiahidi usichoweza kutimiza. Ukisema utarudi Krismasi, naye akahesabu siku, na usije, ahadi inayofuata haitakuwa na uzito. Afadhali kusema, "Nitakupigia kila Jumapili jioni," na ukafanya hivyo.

Tano, acha alama. Picha yako itundikwe mahali ambapo macho ya mtoto yanafika, si juu ya mlango. Mwachie kanga au shati ulilolivaa, asilale bila harufu ya mzazi. Mtoto mdogo hajui miezi mitatu ni muda gani. Basi wekeni mawe madogo katika kopo, moja kwa kila juma, na kila Jumapili atoe moja. Ufanyeni hivyo pale tu mnapoijua tarehe ya kurudi.

KUZUNGUMZA KWA SIMU

Mazungumzo mengi ya wazazi na watoto huenda hivi: "Hujambo?" "Sijambo." "Unasoma?" "Ndiyo." "Haya, mpe bibi." Vocha imekwisha na hakuna kilichosemwa. Mtoto haongei kwa sababu hajui aanzie wapi, na mzazi hajui amuulize nini. Yafuatayo yatasaidia.

Weka siku na saa isiyobadilika. Dakika 10 mara mbili kwa juma, siku zinazojulikana, ni bora kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi bila taarifa. Walio Muscat na Dubai wakumbuke kwamba saa za huko zimetangulia za kwetu kwa saa moja. Riyadh na Doha saa zao ni kama zetu. Chagueni saa mtoto asipokuwa na usingizi wala njaa.

Zungumza na mtoto kabla ya kuzungumza mambo ya fedha na watu wazima. Akisubiri hadi mwisho, anajifunza kwamba yeye ni wa mwisho.

Uliza vitu vidogo unavyovijua. Kabla ya kupiga, muulize mlezi habari za juma lile. Badala ya "Shule inaendaje?" sema, "Bibi ameniambia kuku wako ametotoa. Vifaranga wangapi?" Mtoto akijua kwamba unawajua kuku wake, atakusimulia mengine.

Mweleze na wewe maisha yako. Unalala wapi, unakula nini, mvua inanyesha au hapana, nani jirani yako. Mtoto asiyeweza kuiona picha ya mahali ulipo hubaki na hofu kwamba umepotea.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, sauti peke yake haimtoshi. Kama mlezi ana simu yenye kamera, aonyeshwe uso. Madaktari wa watoto wa Marekani, wanaoshauri watoto walio chini ya mwaka mmoja na nusu wasiwekwe mbele ya vioo vya simu na televisheni, wanaruhusu mazungumzo ya aina hii na ndugu. Mwimbie wimbo uleule kila mara, cheza mchezo wa kujificha nyuma ya kiganja. Mlezi ampakate na kumtajia: "Huyu ni mama."

Mwenye simu ya kitochi asikate tamaa. Hadithi inasimulika kwa simu yoyote: leo sehemu ya kwanza, Jumapili sehemu ya pili. Mtoto aliyefika darasa la pili anaweza kukusomea ukurasa mmoja wa kitabu chake, nawe ukamsikiliza. Barua nayo haijafa. Karatasi anaweza kuiweka chini ya mto na kuisoma tena, jambo ambalo simu iliyokatwa haiwezi.

Kwa kijana wa miaka 12 na kuendelea, punguza maswali ya ukaguzi. Muombe ushauri wake: tuanze na bati au na matofali? Kijana anayeshirikishwa hubaki mwana wa nyumba. Anayepewa amri kutoka mbali huzima simu.

Na akinuna, au akikataa kuzungumza, usimkaripie. Sema, "Najua umekasirika kwamba sipo. Nitakupigia Jumatano." Kisha upige Jumatano.

MLEZI NDIYE DARAJA

Bibi, shangazi au mama mdogo anayebaki na mtoto ndiye anayeweza kumweka mzazi hai au kumfuta. Akisema, "Mama yako anakufanyia kazi, anakukumbuka," daraja linasimama. Akisema, "Mama yako alikutupa," daraja linakatika. Hivyo mheshimu mlezi. Mshukuru mbele ya mtoto. Usimtengue maamuzi yake kwa simu kwa sababu mtoto amekushtakia. Sikiliza pande zote mbili, kisha zungumza na mlezi faraghani.

Kadhalika tazama nguvu zake. Bibi wa miaka 70 mwenye shinikizo la damu hawezi kuchota maji, kulima, na kukimbizana na watoto wanne usiku wa homa. Tafuta mtu wa kumsaidia, umwambie na majirani wa jumuiya wamtupie jicho.

Baba na mama waliotengana kwa ugomvi wasimfanye mtoto kuwa fimbo ya kupigana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 9, unamtambulia mtoto aliyetengana na mzazi haki ya kuonana na kuwasiliana naye mara kwa mara, isipokuwa kama jambo hilo lina madhara kwake. Haki hiyo ni ya mtoto mwenyewe.

MTOTO AKIUGUA

Hapa ndipo umbali unapoweza kuua. Mtoto anapata homa usiku, bibi hana fedha, simu ya baba haipatikani mgodini, wanasubiri asubuhi. Mzazi aliye mbali aandae mambo haya mapema:

1. Fedha ya hospitali na nauli ikae kwa mlezi, mbali na fedha ya chakula. Mlezi asihitaji kuomba ruhusa ili kuitumia. Kama familia ina bima ya afya, kadi iwe nyumbani na mtoto awe ameandikishwa.

2. Mlezi ajue dalili za hatari kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano: hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au hana fahamu. Dalili yoyote kati ya hizi ni safari ya hospitali saa ileile. Homa nayo isivuke saa 24 bila mtoto kupimwa malaria.

3. Kadi ya kliniki iwekwe mahali panapojulikana, na mzazi awe na orodha ya tarehe. Nchini Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Hiyo ya pili husahauliwa mara nyingi kwa sababu mtoto ameshaanza kutembea. Matone ya vitamini A hutolewa kila miezi 6, tangu miezi 6 hadi miaka 5. Mzazi anayepiga simu kukumbusha kliniki anafanya malezi ya kweli.

4. Andika barua fupi yenye sahihi, inayosema kwamba mlezi fulani anaweza kumpeleka mtoto hospitali na kukubali matibabu kwa niaba yako. Weka na namba za simu za ndugu wawili.

MTOTO ASIYE NA MTETEZI KARIBU

Jambo hili ni gumu kulisema, lakini linapasa kusemwa. Mwenye nia mbaya humtafuta mtoto ambaye wazazi wake wako mbali. Aghalabu si mgeni. Ni ndugu, jirani, au mtu anayeaminiwa na nyumba. Mfundishe mtoto majina ya sehemu zote za mwili wake, na kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kumshika sehemu za siri na kumwambia anyamaze. Mwambie hivi mara nyingi: "Ukiniambia jambo lolote, sitakukasirikia, na nitakuamini."

Hakikisha anapata nafasi ya kuzungumza nawe bila mtu kusimama karibu. Mtoto akianza kumwogopa mtu fulani, au akikataa kubaki naye, usimpuuze. Namba 116 hupigwa bure nchini Tanzania na Kenya kwa habari za ukatili dhidi ya watoto. Nchini Tanzania yapo pia madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Mtoto aliyebakwa apelekwe hospitali mara moja, kabla saa 72 hazijapita, ili apewe dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi. Asiogeshwe kwanza, na mambo yasimalizwe kwa kikao cha ukoo.

FEDHA, ZAWADI NA MKATABA WA KAZI

Fedha ni lazima, wala hatuidharau. Karo, chakula na dawa havipatikani kwa maneno. Lakini zawadi isitumike kulipia majuto. Mtoto anayepokea viatu vipya kila mara mzazi anapokosa kuja hujifunza kuhesabu viatu. Ukitaka kumnunulia, mwambie mlezi apime mguu wake kwa kamba, akutajie urefu. Viatu vinavyomwenea humwambia mtoto kwamba baba anajua amekua. Visivyomwenea humwambia kinyume chake.

Wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba waulize habari za simu na siku ya mapumziko kabla ya kutia sahihi. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apumzike angalau saa 24 mfululizo kila juma, na awe na haki ya kukaa na hati zake za kusafiria. Si nchi zote zilizouridhia, hivyo mambo haya yaandikwe katika mkataba wako mwenyewe. Mama asiyeruhusiwa kushika simu hawezi kulea kutoka mbali.

SIKU YA KURUDI

Mzazi hurudi akitazamia kukumbatiwa. Mtoto anajificha nyuma ya bibi. Usimvute kwa nguvu, wala usimlaumu bibi kwamba amekupokonya mtoto. Keti chini, fanya kazi ndogo karibu naye, menya chungwa, umwache aje mwenyewe. Inaweza kuchukua siku, inaweza kuchukua majuma. Wengine hukasirika na kulia sana baada ya mzazi kurudi. Hiyo ni dalili kwamba moyo unafunguka.

Usianze kwa kuadhibu makosa ya miaka miwili. Uliza kwanza taratibu za nyumba ulizozikuta. Na kama unamchukua mtoto kukaa naye mjini, usimkate ghafla na bibi yake. Kwake huo utakuwa msiba wa pili. Yale yote tuliyosema juu ya simu, picha na siku maalumu, sasa ayafanyiwe kwa ajili ya bibi.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, ni kweli. Ndiyo maana mzazi aliye mbali anahitaji mkono ulio karibu, yaani mlezi, na anahitaji kutimiza kila neno alilolisema. Mtoto hahesabu kilomita. Anahesabu Jumapili ngapi simu ililia kama ilivyoahidiwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu kuna watoto wangapi ambao mzazi mmoja au wote wawili wako mbali? Nani anawatazama?
2. Je, mlezi wa kila mtoto huyo ana fedha ya hospitali na barua ya ruhusa?
3. Tunapowataja wazazi hao mbele ya watoto wao, tunajenga daraja au tunalikata?
4. Wewe mzazi uliye mbali: mara ya mwisho ulipozungumza na mtoto wako, ulijua nini kipya kuhusu yeye?